Mume wangu baharia ataka reli za stenlesi, mavyaa ataka mbao, na mtoto wangu hupanda kila kitu

Mjomba, assalaam aleikum.

Nyumba yetu iko Bamburi, upande wa juu wa barabara, lakini bahari si mbali. Kusi ikivuma, ukisimama juu ya slabu dakika kumi kisha ukalamba midomo, waonja chumvi. Ni ghorofa moja tu. Plasta imekwisha, vigae vya sakafu vimo stoo havijapigwa, na kazi kubwa iliyobaki ni reli: za ngazi ya ndani, za ule uwazi wa juu unaochungulia sebuleni, za roshani ya mbele, na za juu kabisa tunakotaka kuanika nguo na kubarizi jioni. Mimi nilidhani hii ndiyo kazi ndogo kuliko zote. Imegeuka kesi.

Mume wangu ni baharia. Akiondoka ni miezi minane, tisa, na nyumba hii anaijenga kwa simu. Amenitumia picha: mapaipu matano ya stenlesi yaliyolala moja juu ya jingine, na roshani yote kioo, "kama hoteli," asema. Hataki kusikia kingine. Siku hizi akipata mtandao huuliza reli zimefika wapi kabla hajauliza watoto wameamkaje.

Shemeji, ndugu yake, ameleta fundi wake wa Kisauni. Bei yake ni karibu nusu ya mafundi wengine wawili niliowauliza, na wote watatu wasema ni stenlesi. Nilipomuuliza mbona tofauti imekuwa kubwa hivyo, alitoa sumaku mfukoni, akaibandika kwenye bomba, ikaanguka. "Umeona, mama? Stenlesi safi, haijui kutu hii." Shemeji akaniangalia kama mtu aliyeshinda daawa. Anataka arbuni mwisho wa mwezi.

Mavyaa, ambaye tutakaa naye, amezaliwa na kulelewa Mji wa Kale, nyumba yenye roshani ya mbao. Yeye asema vyuma ni vya gereza na vioo ni vya duka. Ataka mbao. Magoti yamemsumbua siku nyingi. Alipokuja kuiona nyumba alipanda ngazi kiganja kikiwa ukutani, kidato baada ya kidato, na aliposhuka alishuka kinyumenyume. Sikusema kitu, lakini niliona.

Na mimi nina mtoto wa miaka mitatu ambaye ni paka. Juzi, katika nyumba hii ya kupanga tunayokaa, alipanda grili ya dirisha mpaka juu kabisa akaniita, "Mama, nione!" Nilimshusha mikono ikinitetemeka. Kila nikiitazama ile picha ya mapaipu matano naona ngazi ya pili.

Halafu kuna jirani yetu. Aliweka reli za stenlesi kabla ya Ramadhani. Idi ya Mfungo Tatu haijafika, na kwenye kila kiungo kuna machozi ya rangi ya chai. Husugua kwa sufi ya chuma ya kusugulia masufuria, yakaondoka, na wiki ya pili yakarudi zaidi.

Pesa zipo lakini si za kurudia kazi mara mbili. Nifanyeje, Mjomba, mume wangu asivunjike moyo, nisigombane na shemeji, na mtoto wangu asianguke?

Mama wa Wawili, Bamburi

*

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Arbuni isitoke kwanza. Sisemi fundi wa shemeji yako ni mwizi. Huenda na yeye dukani alionyeshwa sumaku hiyohiyo akaamini. Lakini sumaku ile haikusema lolote. Stenlesi za reli utakazokutana nazo ni za namna tatu, 201, 304 na 316, na zote tatu sumaku haizishiki, au huzishika kidogo tu pale bomba lilipokunjwa. Kwa macho ni mapacha. 304 ina kromi kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8. 201 imepunguzwa nikeli, ambayo ndiyo yenye bei, ikazidishiwa manganizi. 316 imetiwa molibdeni, asilimia 2 hadi 3, na molibdeni hiyo ndiyo inayoifanya istahimili chumvi kuliko wenzake. Kwa nyumba ambayo ukilamba midomo waonja bahari, stenlesi ya nje ni 316 au si stenlesi kabisa. Bei ikiwa nusu, swali la kwanza ni namba.

Na namba hiyo iandikwe kwenye risiti, isiwe ya kutamkwa tu. Muuzaji mwenye mali ya kweli ana karatasi ya kiwandani inayoonyesha madini yaliyomo. Ipo pia dawa ya kupimia: tone moja juu ya bomba, betri ndogo, na rangi ya tone hubadilika kulingana na kilichomo. Fundi anayeijua stenlesi hatakasirika ukimwomba apime mbele yako. Atakayekasirika amekujibu.

Sasa machozi ya jirani. Yaweza kuwa ni namba mbovu, lakini hata namba nzuri huharibiwa na mkono. Ingia karakana yoyote ya vyuma uangalie grenda. Fundi amemaliza kukata fito za grili ya dirisha, chuma cha kawaida, cheche zimetapakaa mpaka mlangoni. Kisha kwa grenda ileile na diski ileile anaingia kwenye bomba la stenlesi. Vumbi la chuma lajipachika kwenye ngozi ya stenlesi, halionekani, na unyevu ukifika huota kutu. Jambo la pili: unapochomelea, pembeni mwa kiungo hutoka rangi ya buluu na dhahabu, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Wengine huiona urembo. Hapo ile ngozi ya kromi inayoilinda stenlesi imeungua, na rangi hiyo ni lazima iondolewe kwa dawa ya asidi ya kusafishia viungo, kisha paoshwe vizuri. Wengi hupitisha polishi mara mbili wakapokea pesa zao. Na mwambie jirani yako aache ile sufi ya chuma leo hii. Kila anaposugua anaacha chembe nyingine za chuma, ndiyo maana yarudi zaidi. Dodoki, sabuni ya maji, na maji matamu mengi. Kama hayatoki kwa hayo, kuna dawa zake, si chuma.

Nimesema maji matamu makusudi. Hata 316 si ya kuweka ukasahau. Chumvi ikiikalia muda mrefu nayo hutoka madoa, na mahali inapotoka haraka ni palipo na kivuli cha upenu, si pale penye mvua. Watu hushangaa. Mvua huosha, chini ya upenu chumvi hukaa juu ya chumvi. Kwa hiyo reli ya stenlesi ya nje huoshwa kwa mkono, mara kwa mara, msimu wa kusi hata zaidi. Uioshe kwa maji gani? Wewe ni mtu wa Mombasa, huhitaji nikueleze. Mfereji una siku zake. Kisima cha Bamburi, kama ni kama vile ninavyovijua, maji yake ukichemshia chai huhitaji kutia chumvi kwenye mahamri. Ukiosha stenlesi kwa maji hayo umeiongezea kilichoiudhi. Utakuwa ukinunua madebe ya mkokoteni ili uoshe reli. Hesabu hiyo itie katika bei kabla hujasema stenlesi haina gharama baadaye.

Hapo ndipo nataka tumwingize baharia wetu, na usimwogope, kwa sababu katika nyumba yenu nzima huyo ndiye mtu rahisi kumshawishi. Analipwa kupigana na kutu. Akipiga simu usimwambie "sitaki stenlesi". Muulize: reli za meli yako ni za nini? Atakwambia ni chuma kilichopakwa rangi. Muulize ni nani anayezibandua kutu kwa nyundo na kuzipaka upya. Nadhani atacheka. Kisha mtumie picha ya kiungo cha jirani, ya karibu, yale machozi yaonekane, umwambie: hii ina miezi mitatu, na hakuna bosun, mnyapara wa mabaharia wa sitahani, hapa nyumbani.

Na yale mapaipu matano yaliyolala, nashuku ameyatoa melini bila kujijua, maana ndicho anachokiona kila siku. Reli za meli zilikuwa hivyo tangu zamani, na kwa sababu zake. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1966 kuhusu mistari ya upakiaji wataka reli za sitaha zisipungue mita 1 kwenda juu, nafasi ya chini kabisa isizidi sentimita 23, na nafasi za juu yake zisizidi sentimita 38. Ziko wazi hivyo ili maji yaliyopanda sitahani yapate pa kutokea, na wanaoziegemea ni watu wazima waliokwenda kazini. Sentimita 38! Hapo mtoto wako apita na mdoli wake kwapani. Naam, picha aliyokutumia huenda imebana zaidi ya hapo, lakini ukiyabana mapaipu ya kulala umemtengenezea vidato vingi zaidi. Mwambie baharia kwamba chombo hiki kina abiria wa miaka mitatu.

Kwa hiyo, mahali popote penye reli katika nyumba hii, fito zisimame wima. Zisilale, zisikatane msalaba, zisiwe na yale maua ya katikati ambayo mguu mdogo huyapata gizani. Kanuni za ujenzi za Uingereza na za Marekani zote zimekutana karibu mahali pamoja kuhusu nafasi: mpira wa sentimita 10 usipite. Kichwa cha mtoto ndicho kipimo chenyewe; mwili ukipita kichwa kikabaki, mambo huwa mabaya zaidi kuliko kuanguka. Usimwachie fundi akadirie kwa jicho. Kata kipande cha mbao cha upana wa sentimita 10 kamili, uwe nacho mkononi siku ya kukabidhiwa kazi, ukipitishe kila mahali. Kisipopita popote, lipa. Mahali kinapopita siku zote ni pale kwenye pembetatu, kati ya kidato, ukuta wake, na ule mpini wa chini unaoteremka na ngazi. Mafundi hupasahau kwa sababu wakisimama hawapaoni. Mtoto hutambaa, hupaona.

Urefu nao una mtego wake, na Mungu amekupenda vigae havijapigwa. Uingereza husema sentimita 90 kwa ngazi ya ndani ya nyumba na 110 kwa roshani ya nje. Wewe fuata mchoro wako uliopitishwa na kaunti, muulize aliyeuchora, na kama ni mimi ningeweka 100 kwenye ule uwazi wa sebuleni na 110 nje kote. Lakini 110 kutoka wapi? Fundi wa vyuma akija sasa atapima kutoka kwenye slabu tupu. Akishaondoka, sakafu yamwagwa plasta yake, vigae vyapigwa, na sentimita tano au sita zimemezwa chini. Reli ya 110 imekuwa 104 na hakuna aliyeiba. Kwa hiyo chukua kigae kimoja kutoka stoo, uulize plasta itakuwa nene kiasi gani, piga mstari wa penseli ukutani panapofika sakafu ya mwisho, na reli zote zipimwe kutoka kwenye mstari huo. Kwenye ngazi pima wima kutoka ncha ya kidato. Na huo urefu wote huwa bure ukishaweka kiti cha plastiki, chungu cha maua au mashine ya nje ya eyakondishena chini ya reli. Mtoto haihesabu sentimita kutoka sakafuni. Ahesabu kutoka aliposimama.

Basi mahali kwa mahali.

Juu kabisa, usiweke reli. Jenga ukuta. Najua hauvutii, lakini ni kitu kimoja ambacho chumvi ya Bamburi haina haraka nacho, na mara nyingi ndicho rahisi kuliko vyote. Uwe wa sentimita 110, wa matofali, na kila baada ya mita mbili tatu uwe na nguzo ya zege ambayo nondo zake zimeshikamana na za chini. Ukuta wa matofali matupu ulioketi tu juu ya slabu watu wazima wawili wakiuegemea waweza kwenda nao. Muulize mhandisi kama boriti za kandoni zilihesabiwa uzito huo. Ukitaka upepo upite, na juu hapo wauhitaji, tumia matofali ya matundu, lakini safu za juu tu. Ukiyaanzia chini umemrudishia paka wako ngazi. Kichwa cha ukuta kimiminwe zege lenye mteremko kuelekea ndani ili maji yasichirizike usoni pa nyumba. Na matundu ya kutolea maji yawe zaidi ya moja, maana ukishazungushia ukuta, masika ikija na jani moja likaziba mfereji, umejijengea birika juu ya vichwa vyenu. Kamba za nguo zifunge kwenye vyuma vyake, na tangi likae mbali na ukuta.

Roshani ya mbele ndiyo ningemwachia mumeo. Ni mita chache, yaonekana barabarani, na ndiyo aliyokuwa akiiota. Mwambie: utapata stenlesi yako hapo, 316, fito wima, na ukirudi likizo utaiosha mwenyewe. Kioo mwombe akisamehe. Siku mbili za kusi kitakuwa na ukungu wa chumvi kama miwani ya mvuvi, na tumeshaongea habari ya maji. Akishikilia, basi kisiwe kile kioo kilichopikwa cha tabaka moja tu. Kile kikivunjika humwagika chote kama punje za mahindi, na huweza kupasuka siku moja bila kuguswa na mtu, kwa kasoro ndogo ya nikeli iliyobaki ndani tangu kiwandani. Cha roshani ni vioo viwili vilivyopikwa na kugandishwa pamoja kwa tabaka la plastiki katikati, kikipasuka kibaki mahali pake, na juu yake pawe na mshikio wa kweli. Ukisikia bei ya hicho huenda akakisamehe mwenyewe. Kama pesa za 316 hazitoshi mwaka huu, aluminiamu iliyopakwa rangi ya kuokwa si mbaya, ila isikwaruzwe, na skrubu zake ziwe za stenlesi zenye vishikizo vya plastiki kati yake na aluminiamu. Madini mawili yakigusana penye chumvi moja humla mwenzake. Au jenga ukuta huo wa 110 hapo pia, stenlesi ije baadaye au isije.

Usikubali tu ule mtindo wa ukuta mfupi wa futi moja na nusu halafu reli juu yake. Ni kidato.

Ngazi ya ndani na ule uwazi wa sebuleni, hapa mpe fundi wa shemeji yako. Ndiyo, huyohuyo. Kama anaishi kwa kutengeneza grili na mageti, chuma cha kawaida ndicho anachokijua, na ndani ya nyumba, mbali na upepo, chuma kilichosuguliwa vizuri, kikapakwa rangi nyekundu ya msingi na juu yake rangi mbili za mafuta, kitakaa. Shemeji hataaibika, fundi wake amepata kazi, na wewe umepata kazi anayoiweza. Ila kabla ya hapo mwambie akupeleke ukaone geti au reli aliyoitengeneza miaka mitano iliyopita. Usitazame juu. Inama utazame mguuni.

Nakwambia hivyo kwa sababu ya nguzo moja niliyowahi kuikuta Tudor, kwenye nyumba inayoelekea mkono wa bahari. Reli ya nje, chuma cha bomba la mraba, rangi nyeupe nzuri, imepakwa upya kila Idi. Niliinama kufunga kamba ya kiatu, nikashika nguzo karibu na sakafu ili niinuke, na kidole gumba kikaingia ndani. Hakukuwa na chuma. Kulikuwa na rangi iliyosimama peke yake, tabaka juu ya tabaka, ikikumbuka umbo la nguzo. Maji yalikuwa yakiingia kwenye kitundu kisichozibwa juu, yakateremka ndani ya bomba, yakakaa miguuni kwa miaka. Wenye nyumba walikuwa wakiiegemea kila jioni. Kwa hiyo mabomba yote yazibwe ncha kabisa, na ya nje yawe na kitundu kidogo cha kutolea maji mguuni. Ukitumia bomba la GI nje, yaani chuma kilichovikwa zinki, kumbuka kwamba pale panapochomelewa zinki yote imeungua; pasuguliwe kwa brashi ya waya na kupakwa rangi ya zinki kabla ya rangi nyingine. (Moshi ule mweupe wa zinki, mwanangu, ni sumu. Mafundi wetu hunywa maziwa wakisema yasafisha kifua. Maziwa huenda tumboni. Mwambie fundi akwangue zinki kwanza, afanyie kazi penye upepo na avae barakoa ya kazi hiyo.)

Mguu pia ndio unaobeba yote. Kila nguzo iketi juu ya zege, na bolti zisiwe ukingoni kabisa, zege humeguka. Kama yashikiliwa ukutani na ukuta ni wa mawe ya matumbawe au matofali yenye uwazi, bolti za kupanuka hazina cha kushika. Hapo ni gundi ya kemikali ya kubandikia bolti, au bolti ipite upande wa pili na bamba lake. Marekani wataka reli ihimili ratili 200, kama kilo 90, zikisukuma pale juu. Ijaribu kazi ikiisha, lakini kwa kuivuta kuelekea kwako, usiisukume nje. Ukiisukuma ukagundua ni mbovu, umechelewa kugundua.

Sasa mavyaa. Nimemwacha nyuma kwa kuwa ndiye mwenye haki kuliko wote, ingawa si kwa sababu aliyoisema. Roshani za mbao za Mji wa Kale, zile za kandokando ya Ndia Kuu, zimekaa kwa kuwa ni mbao ngumu, zina upenu juu yake, na palikuwa na mtu wa kuzipaka mafuta. Mbao hukubaliana na kivuli kile kinachoiudhi stenlesi. Kuirudisha roshani ile Bamburi ni gharama, na sikushauri. Lakini mpe mbao mahali anapoihitaji: mkononi. Mshikio wa ngazi ya ndani uwe wa mvule au msaji, wa mviringo, kipenyo cha milimita 40 hivi. Yale mapaipu mazito ya inchi mbili na zaidi yanayopendwa sasa mkono wa mtu mzima hauyazunguki. Huegemea juu yake, na mguu ukiteleza hauna ulichoshika. Mtu anayeshuka kinyumenyume ahitaji kushika, si kuegemea.

Mweke mishikio miwili, mmoja kila upande, kwa kuwa goti linalouma akipanda si lazima liwe linalouma akishuka. Ule wa ukutani uachwe na nafasi ya sentimita nne, vidole vipite bila kukwaruza plasta. Usikatike kwenye kona. Stima ikipotea, mkono unaoteleza juu ya mbao usiokatika wajua ngazi ilipo, na ukikatika wadhani ngazi imekwisha. Uendelee kidogo kupita kidato cha mwisho, kisha ncha zake zirudi ukutani. Ncha iliyochomoza hunasa mkono wa buibui na pindo la leso, na wewe una mama mzee mwenye buibui na mikono miwili yenye mizigo. Mikuki na majani ya chuma juu ya fito, hapana, kwa sababu hiyohiyo. Na fundi azifunge reli za upande wa wazi kwa bolti zinazofunguka, zisichomelewe moja kwa moja. Kuna kitanda kitapanda, kuna friji, na iko siku, Mungu aichelewishe, jeneza litashuka.

Mbao hiyo ndani ya nyumba haitaki makubwa, vanishi nzuri au mafuta ya kitani. Akikwambia waunda majahazi walikuwa wakipaka sifa, yale mafuta ya papa, mwitikie kwa heshima. Ni kweli, na harufu yake hamtaiweza.

Kabla fundi wa mbao hajachonga wote, mwambie achonge kipande cha futi mbili tu. Kipeleke kwa mavyaa akiwa amekaa, mpe mkononi, umwache akizungushe. Akisema kinene, kipunguzwe.